Ukuta Nyuma ya Kabati

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Karani alivua sare, akaosha vyombo, kisha akamsugua bibi yake mgongo mpaka kikohozi kitulie. Jina la Karani alipewa na majirani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na kila mwenye fomu ya kujaza alibisha hodi kwao. Mwenyewe alilipenda jina hilo kupita kiasi, na ndilo lililomponza.

Waliishi wanne katika chumba kimoja: bibi, mama yake ambaye alikuwa fundi cherehani, yeye, na mdogo wake wa kiume. Ukuta wa nyuma ulikuwa na unyevu mwaka mzima, umeota ukungu mweusi usiotoka hata kwa sabuni. Mama aliuziba kwa kabati ili wateja wasiuone.

Siku moja serikali ikatangaza kwamba nyumba mpya mia mbili zinajengwa ng'ambo ya barabara kuu, na wenye shida zaidi watapewa kwanza. Mama akaja na fomu mbio mbio.

"Nijazie, mwanangu. Macho yangu yamechoshwa na sindano."

Bombani, Karani alikuwa amesikia kwamba familia kubwa ndizo zinazotangulia. Basi, akijiona mjuzi wa fomu, penye idadi ya wakazi akaandika saba. Penye hali ya kuta akaona haya, akaandika "nzuri". Mama akatia sahihi bila kusoma, maana alimwamini binti yake.

Wiki tatu baadaye afisa wa nyumba akapiga hodi, mama wa makamo mwenye miwani, viatu vyake vimejaa vumbi la saruji. Alikaribishwa kiti, akafungua faili.

"Hapa mmeandika mko saba. Wengine wako wapi?"

"Saba?" Mama alishangaa. "Mbona tuko wanne, dada?"

"Tukimhesabu paka, tuko watano," mdogo wake Karani akasema, akijaribu kusaidia.

Afisa hakucheka. "Sahihi ni yako, mama. Nikiandika kwamba mmedanganya, jina lenu linatoka kwenye orodha."

Mama alimtazama Karani mara moja tu, akaelewa, kisha akainamisha kichwa. "Labda nilikosea mimi," akasema polepole.

Karani angenyamaza, mama yake angebeba aibu isiyo yake, na bibi angeendelea kulala kando ya ule ukuta.

"Si mama!" akasema, machozi yakimlengalenga. "Niliandika mimi, na mama hakujua. Tena kuna uongo mwingine."

Akalisukuma kabati kwa bega mpaka likasogea. Afisa akainuka, akagusa ukuta, akatazama vidole vyake vilivyolowa. Kitandani bibi akaanza kukohoa.

"Anakohoa hivi tangu lini?"

"Mwaka wa tatu sasa," mama akajibu.

Afisa akavua miwani. "Binti, mgonjwa wa kifua anayelala kwenye ukungu yuko mbele kabisa kwenye orodha yetu. Fomu inauliza hali ya kuta kwa sababu hiyo, nawe ukaandika nzuri! Kwa kuwa umesema mwenyewe kabla sijaandika chochote, shika fomu nyingine."

Karani akajaza palepale. Aliandika haraka haraka, na mwandiko ukawa mbaya kuliko yote aliyowahi kuandika. Safari hii mama alisoma kila mstari kabla ya kutia sahihi.

Mvua zilipoanza, walikuwa wamehamia. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na madirisha mapana. Bibi aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu.

"Mkavu," akasema. "Mungu awabariki waliotujengea, na yule mama mwenye vumbi la saruji."

Kisha akamshika Karani mkono. "Mjukuu wangu, uliuonea aibu ukuta wetu, kumbe ndio uliokuwa unatusemea. Shida yako iseme kama ilivyo, usiongeze wala usipunguze. Mtu anayetaka kukusaidia atakusaidiaje kama hajaiona?"

"Nimeelewa, bibi. Asante."

Mama alikuwa mlangoni, ameegemea kabati, jasho linamtoka. "Haya, hili nalo tuliweke wapi?"

"Popote," bibi akajibu. "Hatuna tena cha kuficha."