Vipimo vya Risper

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Dorine aliponipigia simu kuniambia nikachukue ramani yangu kabla haijafungiwa dagaa wa omena.

"Shemeji, kuja haraka. Ukuta unapakwa rangi, na akina mama washaanza kuangalia hiyo karatasi na macho mabaya."

Dorine ni mdogo wa marehemu mke wangu, Risper, na ni karani wa ofisi ya wavuvi hapa ufuoni Kisegi. Ramani hiyo ya ziwa, iliyotundikwa ukutani ofisini humo, ilichapishwa na serikali. Mimi na Risper tulikuwa wapimaji, na sehemu kubwa ya namba zake za kina tulizipata wenyewe, kwa bildi: kipande kizito cha madini ya risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama kila pima moja, karibu mita mbili. Yeye alitupa, mimi niliandika. Bildi ikigusa chini hakuridhika. Aliiinua kidogo na kuiachia tena, mara mbili. "Matope yanadanganya," alikuwa akisema. Kamba ile ilimchana kidole gumba cha kulia, ikamwachia kovu la mshazari.

Ramani za karatasi hazichapishwi tena. Kampuni moja ya Nairobi imeleta ramani ya simu. Mashine ndogo hufungwa chini ya mtumbwi na kupima kina kwa sauti, na namba hutokea kwenye simu ya kila mvuvi pamoja na jina la aliyepima. Risper aliajiriwa nao. Mwezi wa nne mtumbwi wake ulipinduka kwenye mwamba. Caleb, nahodha, aliogelea akaokoka. Risper hakuonekana. Mashine haikuonekana.

Mimi ni Mkisii na Msabato. Watu wa Risper waliniambia kwamba mwili usipopatikana, tunda la mti wa yago huzikwa badala yake, na aliyekufa majini huzikwa karibu na maji. Nilikubali. Tulizika tunda lile, refu na zito kama mtoto mchanga, kwenye kiwanja changu upande wa ziwani. Tangu hapo nina haja moja tu: kujua Risper alipo, nilifukue lile tunda, nimzike yeye.

Nilipofika ofisini, ramani ilikuwa imeshakunjwa. Kona moja ilikuwa na doa la mafuta.

"Ungechelewa kidogo ungeisoma kwa mgongo wa samaki sokoni," Dorine alisema. Nilicheka. Yeye hakucheka. Alifunga mlango, akanisogezea simu yake.

"Shemeji, usinikasirikie. Angalia hii."

Kulikuwa na mstari wa namba ndogo za buluu, na juu ya kila namba, jina la mke wangu.

"Hizi ni za zamani," nilisema.

"Angalia tarehe."

Nilitazama. Namba ya mwisho ilikuwa ya jana.

"Nilipigia kampuni," alisema, sauti ikiwa chini. "Wanasema hiyo mashine inaweka namba ndani, ikipata netiwaki ndiyo inatuma. Labda kuna mtu aliivuta na nyavu."

"Mtu huyo ni Caleb."

"Mimi sijasema hivyo."

"Ni nani mwingine anayejua ilipozama?"

Alichukua simu yangu, akaniwekea ile programu, akanirudishia bila kunitazama usoni. Nililiona hilo, nikalihifadhi.

Caleb alikuwa akikumba maji mtumbwini kwa kopo. Hewa ilinuka matope na mafuta ya taa. Aliponiona na ramani kwapani, kopo lilisimama hewani.

"Mkubwa."

"Caleb, mashine iko wapi?"

"Ilienda na yeye."

"Basi nani anapima?"

Alitazama huku na huku. Ufuo ulikuwa na watu, wanawake wakianua omena, redio ikiimba mahali. Hata hivyo alinong'ona.

"Umeona?"

"Wewe uliona lini?"

"Kitambo. Mara ya kwanza zilikuwa pale kwa mwamba, pale tulipinduka. Nikasema sawa, ni za siku ile. Halafu zikafika kwenye matete. Mkubwa, hizo namba zinatembea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nimeiba. Si ndiyo umekuja kusema?"

Nilipanda mtumbwini bila kuomba ruhusa, nikafunua nyavu, nikatazama chini ya ubao wa kukalia. Caleb aliniacha nipekue. Hapakuwa na mashine.

Niliposhuka alinishika mkono.

"Mimi nilikuwa naogopa anakuja kwangu," alisema. "Nikafuata ule mstari na kidole. Haendi kwangu."

"Mstari unaenda wapi?"

Aliuachia mkono wangu, akarudi kukumba maji.

Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimekasirika, na hasira ilinifaa, kwa sababu ilizuia mambo mengine. Nilijieleza vizuri. Mashine imeokotwa. Aliyeiokota anaipeleka huku na huku. Simu hukosea mahali kwa hatua kadhaa. Kila mpimaji anajua.

Langoni nilifungua programu.

Mstari ulitoka mwambani, ukapita matete, ukapanda nchi kavu. Ulikuwa umekatiza shamba la jirani na kuingia kwangu. Kulikuwa na namba mpya.

Mita kumi na moja.

Ilikuwa juu ya kaburi.

Niliinua macho. Kaburi lilikuwa mbele yangu katika mwanga uliobaki. Udongo ulikuwa umedidimia katikati, na pale ulipodidimia palikuwa na tundu la kutosha ngumi, lenye ukingo laini. Asubuhi halikuwapo.

Ndani yake kulikuwa na maji.

Harufu ya ziwa ilipanda kutoka humo... si harufu ya ufuoni. Harufu ya katikati, ya maji baridi ambayo jua haliyafikii.

Niliingia nyumbani, nikatoa bildi chini ya kitanda. Uvungu wa bildi una shimo dogo ambalo hujazwa sabuni, ili mchanga au matope ya chini yanate, ukiivuta ujue imegusa nini. Niliishindilia sabuni kwa vifundo vya vidole, kama nilivyofundishwa, nikailainisha kwa kisu. Nilitaka kuthibitisha kwamba shimo ni fupi kama mkono. Ndivyo nilivyojiambia.

Nilirudi kaburini, nikapiga magoti, nikaiachia tunduni.

Kamba ilikwenda.

Pima moja. Mbili. Tatu. Nilisubiri igote kwenye tunda. Haikugota. Nne. Kamba ilipita viganjani mwangu ikiwa imelowa. Tano.

Katika alama ya sita ililegea. Imefika chini.

Pima sita ni mita kumi na moja, kasoro kidogo mno.

Nilibaki vile, kamba mkononi, sivuti wala siachii. Jirani alikuwa akiita mbuzi wake. Nakumbuka nilifurahi kumsikia.

Kisha kamba ikakaza.

Si mimi niliyeikaza.

Iliinuliwa kidogo huko chini, ikaachiwa. Ikainuliwa tena, ikaachiwa.

Mara mbili.

"Risper?" nilisema.

Maji hayakutikisika. Nilivuta kamba kwa nguvu zangu zote, nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikawasha taa. Niliigeuza bildi.

Sabuni haikuwa na mchanga wala matope. Ilikuwa na alama moja ya kidole gumba, safi, mistari yote ikionekana. Nililinganisha na changu. Changu ni kipana zaidi, wala sikukitumia. Nikatafuta kovu la mshazari.

Halikuwapo.

Simu ililia. Alikuwa Dorine.

"Shemeji, namba nyingine imeingia. Uko nje ama ndani?"

"Ndani. Iko wapi?"

"Hapo kwako. Mlangoni."

"Kina?"



"Sifuri."

Mlango ukagongwa. Mara mbili.

Sikufungua. Nilikaa na bildi mapajani hadi jogoo walipowika.

Kulipokucha tundu lilikuwa limejifunga. Dorine alikuja na vijana wawili, tukachimba. Hatukukuta maji. Hatukukuta yago pia. Kaka mkubwa wa Dorine anasema zamani palikuwa na kisima pale kilichofukiwa, na kwamba tangu ziwa lifurike visima vingi vya zamani vimerudi. Inawezekana. Kampuni imelifuta jina la Risper. Caleb ameuza mtumbwi na kuhamia Migori mjini, na sijui kama ni kwa hofu au kwa dhambi.

Mlango hugongwa kila magharibi.

Dorine huja kunipikia, na akisikia huacha mwiko akanitazama. Sabuni imekauka mezani. Ameichunguza mara nyingi kuliko mimi.

"Kovu liko, shemeji," huniambia polepole. "Ni vile unaishika vibaya. Mfungulie dada yangu."

Huisogeza taa karibu. Huigeuza sabuni upande huu na upande ule.

Mimi bado sijaliona.