Meneja Alijibu kwa Simu

Jamani majirani, sogeeni niwaeleze yaliyoikuta nyumba ya pili kutoka kwangu. Mimi si mtu wa kupeleka maneno ya watu, lakini mama wa nyumba hiyo mwenyewe kaniruhusu, akasema huenda kuna mmoja wenu atakayepona kwa kuyasikia.

Ilikuwa nyumba ya raha. Baba ni fundi wa lifti, mpole, mikono haikosi grisi. Mama ni mwalimu wa chekechea. Wana binti mmoja tu, wa miaka tisa, ambaye sote tulimwita Bibi Mdogo kwa ule mwendo wake wa taratibu kama mtu mwenye wajukuu. Bibi Mdogo alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu. Kila mwezi alipelekwa kliniki, akapimwa, akapewa dawa, na mara nyingine akaongezewa damu. Yote hayo yalilipwa na bima ya kazini kwa baba yake. Basi mtoto akacheza, nasi tukasahau kwamba anaumwa.

Kampuni nyingine ikamtaka fundi. Mshahara mnono, na juu yake gari la kazi. Barua ya kumpa kazi ikaja, safi, yenye muhuri, ila kuhusu matibabu ilisema kwa ufupi kwamba mfanyakazi atapewa bima. Mfanyakazi. Mama aliisoma mara mbili, akamkalisha mumewe chini. Wakaandika pamoja ujumbe wa heshima: wanashukuru sana, lakini kabla ya kusaini wanaomba barua itaje bima ya mke na mtoto, tena ianze siku ya kwanza, kwa sababu mtoto ana maradhi ya kudumu. Mpaka hapo hawakukosea kitu. Ningeweza, ningeubandika ujumbe ule kwenye kila mlango wa mtaa huu.

Meneja wa kampuni hiyo hakuandika jibu. Alipiga simu. Alicheka na fundi kama waliozaliwa tumbo moja, akamwita mdogo wangu, akamwambia hilo la familia limekwisha, asaini tu kazi zianze. Fundi akaweka simu chini, furaha tele.

"Vizuri," mkewe akasema. "Sasa mwandikie umshukuru, umtajie alichokubali, na umwombe akiingize kwenye barua."

"Mtu kanikubalia kwa roho safi, halafu nimwambie aandike? Ataona namshuku."

"Mbona wewe huingii kwenye shimo la lifti kwa kuambiwa tu umeme umezimwa? Unauzima mwenyewe, unatia kufuli, ufunguo unaweka mfukoni."

"Ile ni mashine, mke wangu. Huyu ni mtu."

Akasaini. Hapa ndipo damu inaponichemka. Wengi wetu tumelelewa hivyo, kwamba mkubwa akishatoa neno, kumtaka aliandike ni kumvunjia heshima. Heshima gani hiyo ya kumwogopa meneja kuliko ugonjwa wa mtoto?

Kazi ikaanza, bima ya zamani ikakatika. Kuhusu kadi mpya, akaambiwa asubiri muda wa majaribio uishe. Kila alipoulizwa na mkewe, fundi alijibu kuwa kadi inakuja. Kulipia kliniki mfukoni kuliushinda hata ule mshahara mnono, kwa hiyo wakaruka mwezi mmoja, halafu mwingine, na mwingine tena. Bibi Mdogo akaanza kushinda ndani. Katikati ya hayo, meneja yule akahamia kampuni nyingine. Kadi ilipofika ilikuwa moja tu, ya fundi.

Alikwenda kwa meneja mpya, mwanamke mstaarabu asiye na makuu. Akafungua faili, akaisoma barua yote, akamwambia, "Ndugu yangu, hapa sioni familia. Kuna chochote alichokuandikia?" Hakuwa nacho. Fundi akampigia simu yule meneja wa zamani, na jamani, yule bwana hakukana. Alikiri kwamba aliahidi, akasema anasikitika sana, ila pale hayupo tena na hana la kufanya. Hata wa kumlaani sikumpata.

Wiki ileile, asubuhi, Bibi Mdogo alikuwa akifunga viatu vya shule. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, akaanguka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliombeba. Kiharusi, kwa mtoto wa miaka tisa! Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba zile dawa na ile damu ndizo zilizokuwa zikimkinga.

Yu hai, tunashukuru. Lakini upande mmoja umelala, na maneno hayatoki. Jioni moja nilimkuta fundi amesimama kando ya kitanda, analia bila kujificha, akimuuliza mkewe amwambie nini.

"Usiniambie kitu," mama alisema. "Shika mguu huo, tumgeuze."

FUNZO

Ukipewa kazi, shukuru, kisha omba kwa maandishi unachohitaji, na usisaini wala kuacha kazi uliyonayo mpaka jibu nalo limeandikwa. Ukijibiwa kwa simu, pokea kwa adabu, halafu andika mliyokubaliana na uombe yaingie kwenye barua. Mwajiri mwema hatakasirika, maana anajua kesho kitini pake anaweza kukaa mwingine. Akikasirika, umemjua ungali na kazi yako.

Na wewe mume, mkeo akikwambia mwandikie tena, mwandikie. Fundi wetu aliona haya mbele ya mtu ambaye, katika maongezi yote yale matamu, hakumuuliza hata mtoto anaitwa nani.