Fimbo ya Kumi na Tisa

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote huko Seme. Mzee Laban Oduor, mpimaji ardhi mstaafu ambaye wanakijiji walimwita Saveya, alikunywa uji wa mtama vikombe viwili, kisha akaketi kivulini kuosha kioo cha darubini yake. Kilikuwa na upana wa inchi kumi na nane, na kamwe hakikuguswa kwa kitambaa. Alikimiminia maji ya mvua yaliyochujwa mara tatu, akakiacha kikauke chenyewe. Hatua chache kutoka hapo mkewe Jacinta alikuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani.

"Baba Sheryl," alisema bila kuinua kichwa, "hata siku ya harusi hukunitazama hivyo."

"Siku ya harusi ulikuwa na shangazi kumi na wawili mbele yako. Ningeonaje?"

Jacinta akacheka mpaka omena zikamwagika.

Tangu astaafu, miaka sita iliyopita, Laban alikuwa na kazi moja ya usiku: kuzisaka galaksi hafifu zisizo na umbo la kawaida, zile zilizogongana na kuraruana, zikanyofoana mikia. Orodha yake ilikuwa na galaksi mia mbili kumi na nne. Alikwisha kuziona mia mbili kumi na tatu, na kila moja aliichora kwa penseli daftarini pamoja na tarehe na saa. Kanuni kuu ya kazi hiyo ni moja. Gizani jicho la mwanadamu ni pofu katikati. Kitu hafifu ukikikazia macho kinatoweka, lakini ukitazama kando yake kinajitokeza. Laban alikuwa amejizoeza kutazama kando hata ikawa tabia yake.

Saa nne asubuhi fundi seremala, Calvince, alifika na mkokoteni. Alikuwa ameleta kitako kipya cha darubini, kwa kuwa kile cha zamani kilivimba kwa mvua. Alisimama nje ya lango.

"Mzee Saveya, kuja uchukue mzigo yako hapa."

"Ingia, lango liko wazi."

"Siingii nayo." Calvince alijaribu kutabasamu. "Watu wanasema umemaliza kupima Seme, sasa unapima mbinguni. Ukifika kwa shamba ya Mungu, tafadhali usisongeze kigingi." Alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Hii mvule naijua, Mzee. Nimeipasua nikiangalia kando. Mama anajua?"

"Mbao ni mbao, Calvince."

Jacinta hakujua. Mvule huo ulikuwa umesimama nyuma ya boma lao, na Januari ya mwaka uliotangulia Odongo, mdogo wake Laban, alikutwa asubuhi akining'inia tawini mwake kwa kamba ya wavu. Hakuna aliyejua sababu. Laban alimteremsha kwa mikono yake, lakini kabla ya kumteremsha alipima, kwa mazoea ya kazi na kwa ajili ya taarifa ya polisi. Kutoka tawini hadi kiunoni: mita mbili na sentimita ishirini na tatu.

Desturi ilikuwa wazi. Aliyejinyonga huchapwa kabla ya kuzikwa, ili roho yake isithubutu kurudi, na mti wake hung'olewa ukateketezwa pamoja na mizizi. Wanaume kumi na tisa wa ukoo walijipanga na fimbo zao. Laban alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Zamu ya wa kwanza ilipofika, Laban aliitupa fimbo yake na kuulalia mwili wa nduguye.

"Fimbo alizopigwa Odongo akiwa hai, tangu utotoni, zimetosha," alisema. "Maiti hapigwi mbele yangu."

Wazee waliondoka, na Odongo akazikwa bila kuchapwa. Kuhusu mti aliahidi kuuchoma, akauchoma kweli: matawi na mizizi. Gogo alilificha katika karakana ya Calvince, likakauka miezi kumi na minne. Mvule hauliwi na mchwa, na Laban alichukia uharibifu.

Usiku huo hakukuwa na mwezi. Ziwani taa za wavuvi wa omena zilimetameta kama kijiji kinachoelea, na upande wa mashariki mwanga wa Kisumu ulikuwa umetuama chini ya mawingu. Kitako kipya kilizunguka kwa ulaini wa ajabu. Ili kukijaribu, Laban alielekeza darubini kwenye galaksi mbili zinazogongana katika kundi la nyota la Kunguru, akapanda ngazi yake ndogo, akaweka jicho kwenye lenzi. Akatazama kando.

Galaksi zilikuwepo. Palikuwa na kitu cha tatu.

Kilikuwa ukungu mwembamba, mrefu, ulioning'inia kutoka ukingo wa juu. Hakikuwamo katika ramani yoyote. Tena kilikuwa kikienda na kurudi. Galaksi zilitulia, nyota zilitulia, kile peke yake kilibembea.

Mtu mwingine angekimbia. Laban alitoa saa. Bembea kumi kamili: sekunde thelathini. Hesabu ya timazi inayobembea ni ya kidato cha nne, na aliifanya kichwani bila kutaka. Sekunde tatu kwa bembea moja, hapa karibu na ikweta, hudai kamba ya urefu mmoja tu.

Mita mbili na sentimita ishirini na tatu.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, walimkuta Calvince sakafuni katika karakana yake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani hata ikabidi uvunjwe. Mgongo wake ulikuwa umechanika hata mfupa mweupe ukaonekana, na vidole vya mkono wake wa kulia, ule wa msumeno, vilikuwa vimevunjwa vyote. Adongo, mjane wa Odongo, alikuwa akimsafisha kwa maji ya chumvi. Laban aliinama akahesabu alama. Saba.

"Nani, Calvince?"

"Hakuniangalia, Mzee," fundi alinong'ona. "Alikuwa anabembea tu. Anabembea, anapiga."

Adongo alimfuata Laban nje, mikono yake ikiwa bado na damu.

"Shemeji, uliwazuia wanaume kumi na tisa. Ulifikiri hizo fimbo zilienda wapi? Zilibaki hewani. Sasa umeusimamisha mti wake tena ndani ya boma. Lazima zimwangukie mtu."

"Hao ni wezi tu, Adongo."

"Wezi gani wanapiga saba na hawachukui hata msumari? Kumi na tisa toa saba. Wewe si ndiye mtu wa hesabu?"

Kumi na mbili.

"Choma leo," alisema mjane. "Kabla jua halijazama. Jacinta analala kwa hiyo nyumba."

Laban alimwahidi kwa dhati. Lakini alipofika nyumbani aliutazama upande wa magharibi akaona mawingu ya masika yamejikusanya. Galaksi ya mia mbili kumi na nne, ile ya mwisho, ilihitaji anga la usiku huo mmoja. Mvua ikianza ingekuwa mpaka mwakani. Kukichoma kitako jioni au alfajiri kulitofautiana kwa saa kumi na moja tu. Mlinganyo ulionekana kuwa mwepesi.

"Funga mlango vizuri, Mama Sheryl," alimwambia mkewe. "Kuna wezi."

"Na wewe huko nje?"

"Mimi nitakuwa karibu."

Saa sita kasoro dakika nane aliipata. Doa hafifu kuliko pumzi juu ya kioo, na ubavuni mwake mkia uliopinda. Machozi yalimlenga. Alichunguza ukingo wa juu, wa chini, kushoto, kulia. Hapakuwa na ukungu. Hapakuwa na kitu kilichobembea.

Alitabasamu. Alishika penseli.

Kisha akajiuliza: kama hakipo hapa, kipo wapi?

Fimbo ya kwanza ilisikika nyumbani. Sauti kavu, kama ubao unaopasuka. Jacinta hakupiga kelele mpaka ya pili.

Laban alianguka kutoka ngazini. Ya tatu. Alikimbia. Mlango haukufunguka, yeye mwenyewe ndiye aliyesema ufungwe. Ya nne. Ya tano. Aliupiga kwa bega. "Baba Sheryl!" Ya sita. Alichukua shoka kwenye banda la kuni. Ya saba. Hakutaka kuhesabu. Alihesabu. Ya nane, na shoka likauma mbao. Ya tisa. Ya kumi. Mlango ukaanguka ndani.

Ya kumi na moja aliisikia ikiingia nyamani.

Jacinta alikuwa amejikunja chini ya meza, gauni likiwa vipande, damu ikitambaa kuelekea mlangoni. Juu yake hapakuwa na mtu. Laban alizungusha shoka hewani, likavunja taa, likavunja kabati. Hapakuwa na mtu. Ndipo akakumbuka kanuni. Aliyageuza macho yake kwa nguvu, akaitazama saa ya ukutani.

Pembeni mwa jicho, miguu miwili mitupu. Ikibembea.

"Amesema imebaki moja," Jacinta alinong'ona. "Anangoja."

Laban alimbeba mkewe nje. Alikivunja kitako kwa shoka, akakimwagia mafuta ya taa, akakiwasha. Mvule ulilia motoni kama mnyama. Kwa mwanga huo alimwona Adongo akija mbio, na mkononi mwake fimbo.

"Hii ni yako," alisema akihema. "Niliiokota siku ile. Wenzako kumi na wanane fimbo zao zimeanguka, nimezihesabu. Iliyobaki ni hii, Shemeji, na aliyezikwa bado anaidai. Usipompiga wewe, itamwangukia huyu." Alimgusa Jacinta shingoni. "Na huyu hataibeba."

Laban alikwenda nyuma ya boma, mahali mvule uliposimama. Alichagua nyota moja juu ya ziwa, akaikazia macho. Pembeni, polepole, nduguye alijitokeza. Shati lile lile. Shingo ile ile iliyopinda. Moja, mbili, tatu: kwenda na kurudi. Alisubiri afike chini kabisa mwa bembea. Akapiga.

Fimbo haikupita hewani. Iligota mgongo wa mtu.

"Omera, ndugu yangu," ilisema sauti, na haikuwa ya mtu mzima. Ilikuwa ya Odongo wa miaka minane. "Omera, mimi sijafanya kitu."

Moto ukashuka. Mvua ya kwanza ya masika ikaanza kudondoka.

Jacinta aliishi. Alishonwa nyuzi sitini na tatu, na sasa anakaa kwa binti yao Sheryl huko Maseno, ambako hakubali kuupa mlango mgongo. Calvince anajifunza kushika randa kwa mkono wa kushoto. Majivu yalitupwa ziwani, kioo kikafungwa katika blanketi, na hakuna tena aliyepigwa Seme.

Lakini Laban, alipolifungua daftari ili kuandika angalau tarehe ya galaksi ya mwisho, aliukuta ukurasa huo umejazwa. Hapakuwa na mchoro. Palikuwa na mistari ya penseli iliyosimama wima, iliyopangwa kwa makundi ya mitano mitano, kama wapimaji wanavyohesabu. Saba. Kumi na mmoja. Mmoja. Jumla kumi na tisa, kila mmoja milimita ishirini na tatu kamili.

Baada yao ulikuwapo wa ishirini, uliokuwa umeanzwa tu. Aliupima: milimita tatu.

Alilifungia daftari sandukuni, ufunguo akauvaa shingoni. Giza la mwezi lilipofika tena alilifungua akapima. Tano. Mwezi uliofuata, saba.

Jacinta humuuliza kwa simu kila Jumapili kama kuna jambo. Laban humjibu kwamba hakuna. Hesabu ameshaifanya, na anaujua mwezi ambao mstari utatimia na fimbo ya ishirini kumwangukia yeye. Ila kila anapoketi kuukazia macho ule mstari wa ishirini, huuona ukurasa mtupu. Mstari huonekana, na kupimika, anapotazama kando tu, na siku hizi, anapotazama kando, huusikia pia.

Sekunde tatu. Kwenda na kurudi.