Chakula cha Babu Walichokula Kuku

Kila siku ilipofika saa sita na nusu mchana, Kazija aliwasha jiko la mkaa uani na kupasha moto chakula ambacho yeye mwenyewe hakutakiwa hata kukionja. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo fupi. Kazija alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alikuwa amefunga, kama watu wote wa nyumba yao pale Rasbura, mjini Lindi. Watu wote isipokuwa Babu.

Babu Issa alikuwa mshona kofia. Alishona zile kofia za mkono zenye vitobo vidogo vidogo, na kila Idi ilipokaribia watu walimiminika kwake. Mwaka uliopita aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari. Daktari alimpa vidonge na kumwambia waziwazi asifunge, kwa sababu vidonge vile havipatani na kushinda na njaa. Sheikhe wa msikitini naye alimwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa; alishe masikini mmoja kwa kila siku asiyofunga. Babu aliwaitikia wote wawili kwa adabu. Kuitikia hakukuwahi kumshinda.

Mama yake Kazija, Zuwena, ambaye alikuwa binti wa Babu, aliuza vitenge sokoni na kurudi saa tisa alasiri. Alfajiri wote walikula daku pamoja, Babu naye akajongea kula kidogo kwa ajili ya baraka, kisha akameza kidonge chake mbele ya Mama. Kabla ya kuondoka, Mama aliacha ugali wa dona, samaki na mchicha, na maagizo yaleyale kila siku: saa saba Babu ale, na Kazija amwone kwa macho yake.

Shida ni kwamba harufu ya samaki haijui kujificha. Siku ya tatu ya mfungo, watoto waliokuwa wakicheza nje waliinusa, wakamwona Kazija amebeba bakuli lililofunikwa kawa. Katika pwani ile anayekula mchana wa Ramadhani huitwa kobe, kwa sababu hujificha ndani na kula kimyakimya. Basi watoto wakaanza kuimba, "Kobe! Kobe! Mla mchana!" Kazija aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Aliingia chumbani kwa Babu na kuufunga mlango kwa kisigino.

Babu alikuwa ameketi kitandani, kofia mkononi, na wimbo ule aliusikia wote.

"Nilianza kufunga nikiwa na miaka saba," alisema taratibu. "Leo nina sabini na moja. Nije niitwe kobe na watoto niliowashonea kofia za madrasa?"

Kazija alimkumbusha maneno ya daktari. Babu akatikisa kichwa.

"Daktari anapima damu. Njaa yangu naijua mimi. Peleka chakula hicho kwa kuku, mjukuu wangu, na mama yako asijue."

Kusema kweli, Kazija hakukataa sana. Moyoni alifurahi kwamba asingebeba tena lile bakuli na kuimbiwa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akawamwagia kuku ugali na samaki. Mama aliporudi na kuuliza kama Babu amekula, Kazija alijibu kuwa amekula. Neno lilitoka jepesi, lakini baada ya hapo hofu ilimwingia na haikutoka. Alikuwa amefunga, na alikuwa amedanganya. Hakujua ni lipi kati ya hayo mawili Mungu angeliangalia kwanza.

Siku iliyofuata walifanya vilevile, na iliyofuata tena. Kuku walizoea, wakawa wanamfuata Kazija kila alipotoka jikoni. Kila Mama aliposogea karibu nao, Kazija aliwafukuza. Jioni moja alimsihi Babu wamwambie Mama. Babu alicheka kidogo.

"Sikiliza. Siku ya kwanza, ilipofika saa saba, tumbo lilinguruma kama ngoma ya unyago. Siku ya pili likanguruma kidogo. Leo kimya kabisa, sina njaa hata chembe. Unaona? Mwili umekubali."

Maneno yale yalimtuliza Kazija kwa muda. Mtu asiye na njaa atadhurika vipi kwa kutokula? Alilishika wazo hilo kama mtu anayeshika mti dhaifu mtoni, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kushika.

Siku ya sita ya mfungo, ilipokaribia saa tisa alasiri, Kazija alikuwa akifagia chumba cha Babu. Aliona sindano ikianguka. Babu aliiokota, ikaanguka tena. Mikono yake, ile mikono iliyoweza kutunga uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, ilikuwa ikitetemeka. Jasho lilimtoka usoni na shingoni, ingawa upepo ulikuwa unaingia vizuri dirishani.

"Babu, unaumwa?"

"Nani kahamisha uzi wangu?" Babu alifoka. Uzi ulikuwa mapajani mwake. Kisha alimtazama Kazija kwa macho yasiyotulia, akamwita Mwanahija. Mwanahija lilikuwa jina la marehemu bibi yake Kazija, mke wa Babu.

Kazija alitaka kukimbia na alitaka kubaki, vyote kwa pamoja. Alitoka uani akilia, na hapo ndipo akakutana na Mama akiingia kutoka sokoni, ameongozana na jirani yao, Bi Mwanaasha. Mama alitupa mzigo wake chini na kukimbilia chumbani.

Babu alikuwa ameegemea ukuta, kanzu imelowa. Maneno yake yalitoka mazito na hayakuungana. Bi Mwanaasha alimgusa mkono na kusema sukari imempanda, hakuna kingine. Shemeji yake naye ilimpanda hivihivi. Alishauri wampe kidonge kingine upesi, kisha maji ya mwarobaini yaliyochemshwa. Mama alikuwa ameshaona sukari ikipanda mwaka uliopita, kwa hiyo aliamini.

"Kazija, Babu amekula?" Mama aliuliza huku akifungua pakiti ya vidonge.

Kazija alimtazama Babu. Akamtazama Bi Mwanaasha, ambaye kufikia futari angekuwa ameshaeneza Rasbura nzima habari ya chakula kilichopewa kuku.

"Amekula," alisema.

Mama alitoa kidonge, akakishika kati ya vidole viwili. Hata hivyo mkono wake ulisita, maana haikuwa saa ya dawa. Akachukua simu na kumpigia Nesi Antonia, muuguzi wa zahanati ya jirani, aliyekuwa akiishi mtaa wa pili. Aliiweka simu kitandani kwa sauti ya juu, akaeleza haraka haraka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Alisema anataka kumpa kidonge kimoja zaidi.

"Ngoja, Mama Kazija," sauti ya Nesi ilisema. "Kabla hujampa. Amekula saa ngapi, na amekula nini?"

"Saa saba. Ugali na samaki. Mtoto alimpelekea."

Kazija alikiona kidonge kile. Kilikuwa kidogo, cheupe, na kilikuwa karibu kabisa na mdomo wa Babu. Hakujua kama kingemponya au kingemuua. Alijua jambo moja tu, kwamba katika chumba kile wote walikuwa wakifuata neno lake, na neno lake lilikuwa la uongo. Hofu ya kuchapwa ikawa ndogo ghafla mbele ya hofu ile nyingine.

"Hajala," alisema. Hakuna aliyemsikia vizuri. Akasema tena kwa sauti, akilia, "Mama, hajala! Siku nne hizi hajala mchana. Chakula nimewapa kuku."

Sauti ya Nesi ndiyo iliyotangulia.

"Weka hicho kidonge chini, Mama Kazija. Anaweza kumeza?"

"Anaweza."

"Koroga vijiko vinne vya sukari katika nusu glasi ya maji. Mnyweshe taratibu akiwa ameketi. Akishindwa kumeza, acha, usimtie kitu mdomoni. Mimi nakuja."

Bi Mwanaasha alishika kichwa. Sukari, kwa mgonjwa wa sukari? Alisema watamuua mzee wa watu. Mama naye alikuwa na hofu. Lakini alimnywesha baba yake, funda kwa funda, huku Kazija akimshikilia Babu mgongoni na kuhisi jasho lake la baridi likipenya kwenye nguo. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko mfungo wowote aliowahi kuufunga. Aliomba dua zote alizozijua, na zilipokwisha akarudia ya kwanza.

Nesi Antonia alifika kwa bodaboda akiwa na kipimo mkononi. Alimtoboa Babu kidole, akasoma namba, akasema sukari ya damu bado iko chini sana hata baada ya ile aliyonyweshwa. Akamwongezea nusu glasi nyingine. Baada ya muda jasho likapungua, na Babu akafumba na kufumbua macho.

"Kazija," aliita. Safari hii alilipatia jina. Kazija alilia upya.

Nesi hakuwaruhusu kushangilia. Alisema vidonge vile hukaa mwilini saa nyingi, na sukari inaweza kushuka tena. Basi Babu akalishwa ugali, akapakiwa kwenye bajaji na kupelekwa hospitali, akalazwa siku mbili akiangaliwa. Daktari wa huko akampangia dawa nyingine.

Siku aliyorudi Babu nyumbani, Nesi Antonia alipita kumjulia hali. Kazija alimwamkia, "Shikamoo," na baada ya kuitikiwa akauliza swali lililokuwa likimsumbua: ilikuwaje Babu asisikie njaa, na huku mwili unaishiwa sukari?

Nesi aliketi kwenye mkeka. Alieleza kwamba tumbo na utumbo huzungumza na mwili kwa kutuma matarishi, yaani wajumbe. Matarishi hao huitwa homoni, na husafiri ndani ya damu. Tumbo likiwa tupu hutuma tarishi mmoja kwenye ubongo kuomba chakula. Tarishi huyo ana mazoea: huja kwa nguvu saa ile mtu aliyozoea kula, na asiposikilizwa hurudi zake. Mtu hudhani njaa imekwisha.

"Kwa hiyo kunyamaza kwa tumbo hakukuwa habari ya sukari," alisema Babu.

"Hata kidogo, Mzee. Tarishi amechoka kugonga mlango, siyo kwamba ndani kuna chakula."

Akaendelea. Chakula kikifika utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo hutuma matarishi wengine. Wapo wanaokwenda kwenye ubongo kusema tumeshiba, inatosha, nao huchukua muda kidogo kufika, ndiyo maana anayekula mbiombio hupitiliza. Wapo pia wanaokwenda kwenye kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, kusema sukari inakuja, toa insulini. Insulini ndiyo huitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini ikafanye kazi. Matarishi hawa hawatumwi mpaka chakula kifike.

"Lakini vidonge ulivyokuwa unakunywa, Mzee, havingoji tarishi," Nesi alisema. "Vinaibana kongosho itoe insulini, umekula au hujala. Hujala, basi insulini inaondoa hata ile sukari kidogo iliyobaki, na ubongo unakosa chakula chake. Ndiyo maana ulitetemeka na kusahau majina."

"Na kama ningemeza kile cha pili?"

Nesi alimtazama Kazija, kisha Babu. "Tusingekuwa tunazungumza hapa," alisema.

Babu akafanya jambo ambalo Kazija hakuwahi kuliona likifanywa na mtu mzima wa nyumba ile. Alimwita akae mbele yake, akamshika mikono yote miwili na kumwomba radhi. Alisema aliogopa maneno ya watu kuliko alivyomwogopa Mungu aliyempa ruhusa, na kwamba alimtwisha mtoto mzigo wa uongo usio saizi yake. Tangu siku hiyo angekula saa saba, na masikini angelishwa kama sheikhe alivyosema.

Nesi alipoondoka, Kazija alimfuata Mama uani. Siku zile mbili Mama hakuwa amemgombeza wala kumsifu, na kimya hicho kilimtisha kuliko fimbo. Mama alikuwa akichambua mchicha. Kazija akauliza kwa sauti ndogo kama bado amekasirika.

"Nimekasirika," Mama alisema. "Tena nakushukuru. Siwezi kuchagua moja."

Aliweka ungo chini.

"Babu akikuambia kitu cha kuhatarisha uhai wake, hiyo siyo siri, Kazija, hata aseme nani. Heshima kwa mkubwa siyo kumsaidia kujiumiza. Siku ile nilikuuliza mara moja, ukaniambia amekula. Kama nisingepiga simu, ningempa baba yangu kile kidonge kwa mkono wangu mwenyewe, na ningempa kwa sababu nakuamini."

Kazija alichutama kando ya mama yake, akavuta ungo, na wakaanza kuchambua mchicha pamoja.