Dawa za Marehemu Semisi

Losaline alikuwa mjane. Aliishi na Fusi, dada wa marehemu mumewe, katika mtaa wenye wahamiaji wengi wa visiwa vya Tonga, magharibi mwa Sydney, Australia. Mumewe, Semisi, alifariki mwaka uliopita. Dawa zake za presha zilibaki kwenye kabati la jikoni. Kila Jumamosi Losaline alizipangusa vumbi, akazirudisha palepale.

Asubuhi moja mawifi hao walikuwa wakimenya magimbi. Fusi akashika kichwa.

"Wifi, kichwa kinanigonga. Ni presha tu hii. Nipe zile dawa za kaka yangu."

"Presha umepimwa wapi?"

"Mama alikuwa nayo, baba alikuwa nayo. Nipimwe nini tena? Au unamwekea Semisi, atarudi kuzimeza?"

Maneno hayo yalimchoma Losaline. Tena kwa Watonga, dada wa mume hakataliwi kitu. Akampa. Fusi akameza vidonge viwili.

Baadaye Fusi aliinuka kuchukua sufuria. Akayumba, akaanguka. Jasho baridi lilimtoka. Losaline akaita gari la wagonjwa.

"Presha yake haikuwa juu," daktari alisema hospitalini. "Dawa hizo zimeishusha mno. Mna bahati mmemwahisha."

Kesho yake Losaline alitia dawa zote mfukoni, akaenda duka la dawa. Mfamasia aliitwa Bi Thuy. Ndiye aliyekuwa akimhudumia Semisi.

"Bi Thuy, hizi nataka kuzimwaga chooni, zisije zikaua mtu."

"Usizimwage, mama. Maji ya chooni huishia mtoni na baharini, na dawa imo ndani. Wala usizitupe kwenye pipa la taka. Mtoto au mbwa anaweza kuzila."

"Sasa nizipeleke wapi?"

"Hapa hapa. Duka la dawa hupokea dawa zisizotakiwa, hata zilizopita muda, bila malipo. Kisha huteketezwa kwa moto mkali. Sindano tu zina chombo chake. Hizo uliza kwanza."

Losaline aliusukuma mfuko, kisha akaushika tena.

"Nikikuachia hizi, naona kama namzika mara ya pili."

Bi Thuy hakumharakisha.

"Semisi alizimeza ili aishi nanyi," alisema taratibu. "Asingependa zimdhuru dada yake."

Losaline alilia kidogo. Halafu akautumbukiza mfuko mwenyewe katika pipa la kukusanyia dawa.

Fusi alipona. Alipopimwa vizuri, ilionekana kichwa kilimuuma kwa sababu ya macho. Akapewa miwani.

Jumapili, baada ya ibada, Losaline aliwasimulia wanawake wenzake yaliyowapata. Wiki hiyo wengi walikwenda kwa Bi Thuy, kila mmoja na mfuko wake. Fusi alitangulia, ameelemewa na mzigo wa dawa.

"Wifi! Dawa zote hizo ulikuwa nazo chumbani?" Losaline alishangaa.

"Nyamaza," Fusi alisema, akirekebisha miwani. "Wewe ulimwekea mtu mmoja. Mimi nililiwekea kanisa zima."