Mkwe Aliyeulizwa Kama Ni Mtu

Siku ile mjinga alikuwa Godbless. Si maneno ya majirani hayo. Ni yake mwenyewe, na huyasema akicheka, kwa sababu sasa anaweza kucheka.

Godbless ana duka la kuchapa na kutoa kopi pale Kwa Mathias, Kibaha. Wateja humtumia kazi kwa barua pepe. Lakini kila asubuhi kazi hizo alizikuta zimefunikwa na takataka. Mara ameshinda gari. Mara mjane tajiri asiyemjua anataka kumrithisha. Mara dawa ya kuotesha nywele, naye nywele anazo. Siku moja alifuta barua sitini za upuuzi, na kwa kasi ile ile akafuta ya sitini na moja: mitihani ya darasa zima, kazi ya mwalimu.

"Sasa basi!" alisema. Akajiunga na huduma ya kuhakiki watumaji. Barua ikitoka kwa mtu asiyejulikana, huduma inaizuia kwanza, kisha inamtaka mtumaji ajitambulishe. Godbless akabonyeza "Washa". Maelezo hakusoma. Kesho yake takataka hakuna! Akatamba mtaa mzima.

Lakini kuna barua moja aliisubiri kuliko zote. Alikuwa amepeleka posa Marui, kule Kisarawe, kwa mzee Masanja, baba wa mpenzi wake Wema. Mzee huyo alikuwa bwana mifugo wa serikali. Sasa anafuga ng'ombe wake. Alimwambia mshenga, "Jibu nitalituma kwa barua pepe. Nimestaafu kazi, sijastaafu kuandika."

Siku kumi zikapita. Kimya. Siku ya kumi na moja Wema akapiga simu.

"Godi, umemfanya nini baba?"

"Mimi? Si namsubiri anijibu!"

"Alikujibu wiki iliyopita. Alikubali! Wewe ukamrudishia ujumbe: 'Hatukutambui. Thibitisha kwamba wewe ni mtu.' Ameusoma kwa sauti mbele ya baba zangu wadogo wote. Anasema Jumamosi barua yenu ya posa inarudi Kibaha."

Godbless hakufunga hata duka. Alikimbia kwa jirani yake Yunis, mtaalamu wa kompyuta.

"Dada Yunis, mashine imenivunjia uchumba!"

"Mashine haijavunja kitu. Lete simu." Yunis akabonyeza mara mbili. "Hapa pameandikwa 'Zinazosubiri'. Umewahi kupafungua?"

"Hapo? Hata sikujua kama papo."

Palikuwa na mamia ya barua. Katikati ya gari la bure na dawa ya nywele, ilikaa moja yenye kichwa: JIBU LA POSA. Yunis alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sikiliza, bwana harusi. Huduma hii ni mlinzi wa getini. Mashine zinazomwaga matangazo kwa kawaida hazirudi kujibu, basi zinabaki nje. Lakini mlinzi mgeni hamjui mkweo! Ungempa kwanza majina ya watu wako: wateja, ndugu, wakwe. Hao wanapita bila kuulizwa."

"Na nisiowaandika?"

"Ndiyo maana unafungua 'Zinazosubiri' kila siku. Hata barua nyingi za benki hutumwa na mashine, hazitakujibu. Na huo ujumbe wako wa kipolisi uandike upya, kwa adabu."

"Kwa hiyo atakayepita ni mwema?"

"Wapi! Tapeli naye ana vidole, anaweza kujibu. Akikuomba neno lako la siri, mnyime. Na siku wewe ukiletewa ujumbe kama huu wa kujitambulisha, jiulize: nimemwandikia huyu? Kama hukumwandikia, usibonyeze."

Wakaandika majina arobaini, mzee Masanja wa kwanza. Ujumbe mpya ukasomeka: "Habari. Ninazuia barua za matapeli. Tafadhali bonyeza hapa nikutambue, barua yako inifikie. Samahani kwa usumbufu. Ni mimi, Godbless." Tangu hapo takataka zimekoma kumsumbua, na kazi ya mteja haijapotea tena.

Ijumaa akapanda pikipiki hadi Marui kuomba radhi. Akaamkia, akaeleza yote. Mzee Masanja aliitikia marahaba huku akitazama ng'ombe.

"Nimekuelewa," alisema. "Lakini mtu gani anamwuliza mkwewe kama ni mtu?"

"Ni mashine, baba."

"Mashine ya nani? Miaka thelathini nimeandika barua serikalini, hakuna aliyeniuliza hivyo! Aibu hii siimezi. Posa inarudi."

Mkewe Holo, mama yake Wema, alikuwa anapepeta choroko. Hakuinua macho.

"Baba Wema, kabla ya kupokea barua yake ulituma watu watatu Kibaha, waulize kama ni mlevi, kama ana mke mafichoni, na kama kwao wanaroga. Mwenzio kakuuliza kama wewe ni mtu, basi. Na hilo moja likakushinda kujibu."