Taulo la Shemeji

Simu ililia mara moja.

"Kahawa imepoa," sauti ikasema.

Maana yake chupa haipo tena pale ilipofichwa. Taneli Ahokas, jasusi wa serikali ya Finland, aliifungia simu kabatini pamoja na bastola yake aina ya Glock. Akabaki uchi wa mnyama, akaingia sauna na wenzake wa zamu.

Hapa Kivisalmi alijifanya fundi pampu, kwenye kiwanda kinachotoa kobalti safi katika tope linalobaki nikeli ikishasafishwa. Dawa ya kuzitenganisha hizo mbili ilikuwa siri, na mtu alikuwa anaiiba. Ikivuka mpaka, mji mzima utakosa kazi.

Jana aliikuta dawa hiyo ndani ya chupa ya chai, nyuma ya pampu. Hakuiondoa, ila aliipaka nje maji ya kobalti aliyoyachanganya mwenyewe, yamshike mikononi atakayeichukua. Yakiwa na unyevu ni waridi hafifu, huyaoni. Yakikaushwa na joto, buluu tupu.

Wanaume walitundika taulo jirani na jiko la mawe, wakapanda mabenchi. Mzee Pentti alikuwa bado anaoga.

Taulo moja likaota madoa.

Buluu.

Urho, shemeji yake Taneli, akarukia kata ya maji ayamwagie mawe ya moto.

"We Urho, maji hayamwagwi Pentti hajakaa!" mmoja akafoka. "Umelelewa wapi?"

"Nasikia baridi, bwana."

Baridi! Nyuzi joto tisini zile! Alitaka mvuke uyafute madoa kwenye taulo lake. Taneli akamdaka mkono.

"Tua kata, shemeji."

"Acha utani. Sote hapa tunashika kobalti."

"Ya kiwandani haigeuki buluu kwa joto hili. Hii nimeichanganya mimi."

Urho akanywea.

"Mimi ndiye niliyekutafutia kazi hapa, Taneli."

"Najua."

"Dada yangu utamwambia nini?"

Taneli alingoja moyo umuume. Wapi! Kifua kilikuwa kimekufa ganzi.

Alivaa, akachukua bastola, akaitoa chupa kwenye begi la Urho. Redio yake ikakoroma, ikimwita kwa jina lake la kijasusi.

"Tai, mnunuzi tumemnasa getini, ndani ya Volvo."

"Njooni mchukue na huyu."

Walipomtoa Urho, simu ikalia. Mkewe, Maarit.

"Supu ya njegere iko tayari. Mwambie kaka asichelewe, nimeshamtolea sahani."

"Irudishe kabatini."

Akakata simu, akafunga zipu ya koti, akashika njia kwenye theluji bila kugeuka nyuma.